Nani Anashika Drili? Mwongozo Kamili wa Kupima Programu ya Ubingwa wa Mifupa Ukiwa Bado Mwanafunzi

Kila mwaka wanafunzi wa udaktari hapa Mbeya huuliza swali lilelile: "Dokta, ubingwa wa mifupa nikasome wapi?" Wakitajiwa jina la chuo wanapanda basi, wanapiga picha getini, wanasalimiana na mkuu wa idara, kisha wanarudi wakisema pazuri. Baadaye mmoja wao anapiga simu usiku, yuko mwaka wa pili wa ubingwa, na kazi yake bado ni kushika ritrakta, kile chuma cha kupanulia kidonda mwenzake akipasua, na kukimbiza sampuli maabara.

Hapa utapata namna ya kuikwepa simu hiyo. Zunguka na swali moja tu katika kila hatua: kwenye hospitali hii nani anashika drili, na nani amesimama nyuma yake?

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo la mfukoni na kalamu. Usitegemee simu. Mwanafunzi mgeni anayebonyeza simu wodini anaonekana anachati, au anapiga picha.
- Barua ya utambulisho kutoka chuoni na kitambulisho chako. Itume barua wiki kadhaa kabla, kisha ubebe nakala.
- Skrabu zako, yaani nguo za upasuaji, na viatu safi vya tiata (chumba cha upasuaji). Hospitali nyingi hazina za kumgawia mgeni.
- Mtaala wa programu na orodha ya ada ya mwaka huu, vimechapishwa kwenye karatasi.
- Namba za marezidenti watatu, yaani madaktari wanaosomea ubingwa: wa mwaka wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Ongeza ya bingwa mmoja aliyehitimu hapo na sasa anafanya kazi hospitali ya mkoa.
- Nauli, chakula na pa kulala kwa wiki nzima. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na Moshi si karibu. Ukienda kwa siku mbili utaona majengo tu.

Onyo la mapema: usipige picha mgonjwa, faili wala eksirei, hata kama jina limefichwa. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hata bila sheria hiyo, mwanafunzi aliyekamatwa anapiga picha wodini ameshajifungia mlango wa programu hiyo.

## Hatua ya 1: Jua mifupa utakayoitibu

Anza nyumbani. Kaa idara ya dharura ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au ya mkoa wako ukiwa Iringa au Njombe, uandike kinachoingia. Barabara ya Tanzam, ile kuu ya kwenda Zambia, inapanda Kitonga, inapita Mafinga na Makambako, inateremka Mlima Nyoka na kukatiza jijini hadi Mbalizi. Malori yanayokosa breki kwenye miteremko hiyo, mabasi na bodaboda ndio wanaotuletea wagonjwa.

Utaona miundi iliyovunjika na mfupa ukachungulia nje, mapaja, nyonga. Utaona watoto walioanguka kwenye mparachichi Rungwe au mwembe Kyela na kuvunjika juu ya kiwiko. Utaona mguu uliokaa kwa mtaalamu wa kienyeji wiki nyingi ukaunga vibaya, mtoto mwenye usaha ndani ya mfupa, na kichanga aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kwa ndani.

Andika aina kumi za matibabu ambazo wagonjwa hao wanahitaji. Karatasi hiyo ndiyo kipimo chako. Kama unapanga kurudi kufanya kazi huku, programu yenye sifa kubwa ya kubadilisha magoti lakini isiyokufundisha kusafisha na kutuliza mvunjiko wa wazi haikufai, hata kama kila mtu anaisifia.

Umefaulu ukiwa na: ukurasa mmoja wenye vitu kumi, kila kimoja umekiona kwa macho yako. Usinakili kitabuni.

## Hatua ya 2: Tofautisha njia mbili

Tanzania unaweza kuufikia ubingwa wa mifupa kwa njia kuu mbili, na wengi wanazichanganya.

Njia ya kwanza ni shahada ya uzamili ya chuo kikuu, MMed. Inayojulikana zaidi ni ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ambako marezidenti hufundishiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya 1996. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, nayo ina ya kwake. Vyuo vingine vinaendelea kufungua programu, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka huu, si ule aliokutumia kaka yako. Kwenye MMed unalipa ada au unafadhiliwa, na tasnifu ni lazima.

Njia ya pili ni COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao makuu Arusha. Chuo hiki hakina kampasi. Unafundishwa ndani ya hospitali iliyopewa ithibati, ukiwa kazini. Miaka 2 ya kwanza inaishia kwenye mtihani wa uanachama, MCS, na miaka 3 inayofuata inaishia kwenye ushirika, FCS, kwa upande wa mifupa. Wapo wanaozifuata zote mbili kwa pamoja, nao utawatambua kwa macho mekundu.

Uliza mambo matatu, uyaandike: Je, ithibati iko hai na inaisha lini? Inaruhusu wanafunzi wangapi kwa mwaka? Na mhitimu anasajiliwa kama bingwa na Baraza la Madaktari Tanganyika bila usumbufu? Usiridhike na "tumeshapata, usijali." Kwa programu ya chuo hakiki mwenyewe kwa Tume ya Vyuo Vikuu, na kwa hospitali hakiki kwenye orodha ya COSECSA yenyewe.

## Hatua ya 3: Ongea na marezidenti

Hapa ndipo wengi wanafeli, kwa sababu wanauliza maswali yenye jibu moja tu. "Mnafanya upasuaji mwingi?" Ndiyo. "Mabingwa wanafundisha?" Sana. Hununui bodaboda ya mkononi Mwanjelwa kwa kumuuliza muuzaji kama ni nzima.

Uliza kuhusu wiki iliyopita, na uliza kwa namba:

- "Wiki iliyopita uliingia tiata siku ngapi?"
- "Kati ya kesi ulizoingia, ngapi ulishika drili wewe mwenyewe?"
- "Bingwa alikuwa amevaa glavu, amekaa chumba cha chai, au alikuwa kwenye simu?"
- "Kesi ya mwisho uliyofanya usiku ilikuwa ipi, na nani alikuja?"

Sababu ni rahisi. Mtu anaweza kujidanganya kuhusu mwaka mzima, ila Alhamisi iliyopita anaikumbuka.

Zungumza na kila mmoja peke yake, nje ya jengo, ikiwezekana kwa mama lishe. Rezidenti wa mwaka wa kwanza mbele ya mkubwa wake atasema kila kitu ni shwari. Anza kwa adabu: "Shikamoo dokta" kwa aliyekuzidi, "kaka" au "dada" kwa wa rika lako. Usianze na kulaumu hospitali ili akuunge mkono, maana atakuona mmbeya.

Kisha omba kuona logibuku yake, daftari anamoandika kila operesheni aliyoingia, kurasa zisizo na majina ya wagonjwa. Usihesabu kesi zote kwa pamoja. Zigawe katika mafungu manne: alizotazama, alizosaidia, alizofanya mwenyewe bingwa akiwa mezani, na alizofanya mwenyewe bingwa akiwa karibu bila kuingia. Fungu la tatu ndilo linalojenga mpasuaji. Mwaka wa kwanza liwe dogo, mwaka wa mwisho liwe limeanza kumwagikia fungu la nne. Kama logibuku ya mwaka wa mwisho bado imejaa "kusaidia", funga daftari.

Sasa piga hesabu ambayo karibu hakuna anayeipiga. Tuseme, kwa mfano tu, hospitali kubwa inafanya operesheni 40 za mifupa kwa wiki na ina marezidenti 32. Hiyo ni kesi moja na robo kwa kila mmoja. Hospitali ndogo inafanya 12 na ina marezidenti 4, kesi tatu kwa kila mmoja. Ukubwa wa hospitali haukuambii kitu mpaka uugawe kwa idadi ya mikono. Kwenye mikono hiyo waweke pia marezidenti wa upasuaji wa jumla wanaozunguka na wageni kutoka nje wanaokuja kujifunza. Uliza waziwazi: mgeni akija na rezidenti yupo, kesi anapewa nani?

Lakini usikimbilie upande wa pili. Wanafunzi hupenda kusikia "hapa unaachiwa kila kitu mwenyewe." Mimi neno hilo linanitisha. Rezidenti wa mwaka wa pili anayepiga msumari wa paja (chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya mfupa) saa nane usiku huku bingwa akiwa kwenye simu anajifunza, ndiyo, ila anajifunza pia makosa yasiyosahihishwa, na anayelipia ni mgonjwa. Uhuru bila msimamizi nauweka chini kuliko ritrakta.

Umefaulu ukiwa na: majibu ya watu watatu wa miaka tofauti yanayofanana bila wao kupanga. Yakitofautiana sana, mtafute wa nne.

## Hatua ya 4: Kaa wiki moja, utazame

Jitambulishe kwa sista wa tiata kabla hujajitambulisha kwa profesa. Wauguzi wa tiata wamewaona marezidenti wengi wakija na kuondoka, na wanajua nani ana mkono na nani ana maneno. Ukibahatika kumkuta aliyetoka Tukuyu, "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, itakufikisha mbali.

Ripoti ya asubuhi. Subiri eksirei ya baada ya upasuaji iliyotoka vibaya, itakuja tu. Tazama kinachofuata. Kuna mahali rezidenti anatukanwa mbele ya watu na picha inaondolewa. Kuna mahali bingwa anauliza: ulipanga nini kabla, skrubu ilipotea njia wapi, leo tunamfanyia nini mgonjwa? Mahali pa kwanza watu hujifunza kuficha. Ukali wenyewe haunisumbui, wapo wakali wanaofundisha vizuri mno. Kinachonisumbua ni kosa linalopita bila kujadiliwa.

Orodha ya tiata. Nakili asubuhi kesi zilizopangwa, jioni andika zilizofanyika. Kwa kila iliyoahirishwa andika sababu: damu hakuna, vifaa havijachemshwa, plati haipo, mtaalamu wa usingizi mmoja, mgonjwa hajakamilisha malipo. Kesi moja moja kuahirishwa ni kawaida kila mahali. Nusu ya orodha kuahirishwa kila siku maana yake nusu ya mafunzo yako yatakuwa kusubiri.

Mvunjiko wa wazi. Mfuatilie mgonjwa mmoja tangu mapokezi. Antibayotiki alichomwa ndani ya saa ya kwanza au alisubiri eksirei kwanza? Nani aliamua kuosha kidonda, na kilioshwa tiata au mapokezi kwa chupa moja ya maji ya chumvi? Aliwekewa antena, vile vyuma vya nje vya kutuliza mfupa, na nani? Mgonjwa huyo mmoja anakuonyesha idara nzima ikifanya kazi.

Vifaa. Jambo hili linapimwa vibaya. Wanafunzi huhesabu mashine: ina eksirei ya tiata inayotoa picha papo hapo, basi ni nzuri. Mashine hiyo ni ya lazima kwa upasuaji mwingi wa uti wa mgongo na nyonga, na programu isiyonayo kabisa itakuacha na mapengo. Ila fikiria utakapokwenda. Msumari wa SIGN ulitengenezwa kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine hiyo. Unafungwa skrubu kwa kutumia fremu ya kulengea na vidole vinavyohisi mfereji wa mfupa. Uliza kama marezidenti wanafundishwa njia hiyo au wanaitegemea picha tu. Bingwa asiyeweza kufunga paja bila picha, siku mashine ikiharibika Makete, atageuka msafirishaji wa rufaa.

Kazi zisizo na kisu. Ingia kliniki ya mguu kifundo. Njia ya Ponseti inahitaji plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida tano hadi saba, mara nyingi kukata kano ya kisigino, kisha viatu maalumu vya kuvaa hadi mtoto afikishe takribani miaka minne. Nani anashika mguu, rezidenti au fundi plasta? Angalia pia nani anamfunga hogo (plasta ngumu) mtoto aliyevunjika mkono, na kama kuvuta paja kwa uzito wodini kunafuatiliwa kwa eksirei au mgonjwa amesahaulika kwenye kamba. Kazi hizi hazina sifa mitandaoni, lakini ndizo utakazozifanya kila Jumatatu.

Usiku mmoja wa zamu. Kaa hadi asubuhi. Andika bingwa alipigiwa saa ngapi na alifika saa ngapi. Halafu tazama kama aliyekesha anapelekwa tena tiata mchana wote.

Onyo: usiguse kitu. Usivae glavu za tiata bila kuambiwa na anayefanya operesheni, na ukiambiwa "jifunge" ukiwa hujawahi kunawa kitiata, sema hujawahi. Mgeni mmoja anaweza kuchafua meza nzima.

## Hatua ya 5: Tasnifu na mitihani

Hapa usipoteze muda mwingi. Chagua kundi lililoanza pamoja, lile ambalo muda wake rasmi umeshapita, uliza walikuwa wangapi na wamemaliza wangapi. Kwa waliochelewa, uliza kilichowakwamisha. Jibu likiwa lilelile, "msimamizi hasomi rasimu," uliza ni msimamizi yupi na kama bado yupo.

## Hatua ya 6: Pesa, mkataba na mwili wako

Andika gharama zote: ada, utafiti, mitihani, nyumba, na nauli ya kurudi nyumbani kukiwa na msiba. Kisha andika chanzo cha kila shilingi. Kama mwajiri wako ndiye anayekupeleka, mwone Afisa Utumishi kabla hujajaza fomu. Muulize kama mshahara utaendelea na utalazimika kurudi kutumikia muda gani. Upate kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya mganga mkuu inahama naye akihamishwa.

Mwili wako nao upime. Upasuaji wa mifupa una waya, ncha za mifupa na damu inayoruka. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Muulize rezidenti: "Ukijichoma saa tisa usiku unakwenda wapi?" Dawa kinga zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita. Rezidenti asiyejua kabati la dawa hizo liko wapi amekujibu. Chanjo ya homa ya ini B, dozi zake tatu, kamilisha kabla hujaripoti popote.

Dada zangu, ongezeni maswali mawili: rezidenti wa mwisho kujifungua akiwa masomoni alipewa muda gani, na kama kuna aproni ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi ya eksirei, inayomtosha mtu mwembamba au mjamzito. Msiogope kuambiwa fani hii ni ya wenye nguvu. Kurudisha nyonga mahali pake ni ufundi wa kutumia uzito wa mwili, na mgonjwa analegezwa kwa dawa.

## Hatua ya 7: Mtembelee mhitimu alipo

Kama una nguvu ya hatua moja tu, fanya hii. Mtafute aliyehitimu programu hiyo miaka michache iliyopita na sasa yuko hospitali ya mkoa, iwe Iringa, Songea au Sumbawanga. Omba siku moja ya kukaa naye.

Muulize: "Ulipofika hapa peke yako, operesheni gani ilikukuta hujui?" Nyamaza, aongee. Wahitimu wa mahali pamoja hutaja mapengo yaleyale: wa programu moja watasema nyonga, wa nyingine mkono wa mtoto, wa nyingine kufunika kidonda kwa nyama ya karibu. Linganisha na karatasi yako ya hatua ya kwanza. Pengo likiangukia kitu ambacho Tanzam inakuletea kila wiki, ni pengo kubwa.

Angalia pia anachokipa rufaa. Kumpa mgonjwa rufaa kwa sababu ya vifaa si aibu. Akimpa rufaa kwa sababu hakufundishwa, hilo linaihusu programu.

Umefaulu ukiwa na: wahitimu wawili wa programu moja, na orodha ya mapengo yao.

## Hatua ya 8: Amua

Usitengeneze jedwali la alama lenye rangi. Nimeona wanafunzi wakilirekebisha jedwali mpaka chuo walichokitaka tangu mwanzo kishinde. Tumia vigezo vya kukatalia, na kimoja kinatosha: usiku bingwa hafiki, marezidenti wanaficha logibuku, au kundi zima limechelewa kumaliza na hakuna anayeweza kueleza kwa nini.

Zitakazobaki zipange kwa fungu la tatu la logibuku, kesi zilizofanywa bingwa akiwa mezani. Zikilingana, chagua yenye mapengo machache kwenye karatasi yako. Jiji, jina na majoho ya mahafali viamue mwisho kabisa, kama bado kuna cha kuamua.

Wiki moja kabla ya kutuma maombi mpigie tena yule rezidenti wa mwaka wa kwanza. Mabingwa huhama, mashine huharibika, ithibati huisha. Muulize nani ameondoka tangu ulipotembelea, tiata ngapi zinafanya kazi wiki hii, na mwaka huu wanachukua wangapi. Ukisikia idadi ya wanafunzi imeongezwa maradufu huku mabingwa ni walewale, rudi hatua ya 3 ukapige ile hesabu upya kabla hujalipa ada ya maombi.